Faili la maelezo lina mapengo: nianzie wapi na kompyuta ya Legacy yangu?

Swali: Mkubwa, mimi ni fundi kijana, nafanya kazi kwenye garaji moja huku Ndosho, Goma. Nina Subaru Legacy ya 2004, turbo ya lita 2.0, gia za mkono, imetoka Japani. Nimepata kebo, nimesoma kompyuta ya injini na nimehifadhi faili la kilobaiti 512. Shida ni faili la maelezo. Nililolipata lina majedwali machache tu, wakati Legacy za Marekani za miaka hiyo hiyo zina majedwali chungu nzima. Silioni jedwali la kikomo cha turbo, na baadhi ya namba ni za ajabu. Nisubiri faili kamili, au naweza kujifunza na hili? Halafu, ujuzi huu utanifaa kwenye Toyota Noah ya bosi wangu?

Jibu: Mdogo wangu, usisubiri. Anza na hilo ulilonalo, ila kwa sasa liwe faili la kusomea. Kuandika kutakuja baadaye, na kutahusu majedwali machache kuliko unavyodhani.

Kwanza tuelewane faili la maelezo ni kitu gani. Kompyuta ya gari lako haina habari nalo. Ndani yake kuna kilobaiti 512 za namba tupu, programu na majedwali vimechanganyika humo humo, na prosesa inajua yenyewe kila kitu kimekaa wapi kwa sababu ilipangiwa hivyo kiwandani. Sisi wa nje hatukupewa orodha hiyo. Faili la maelezo liliandikwa na watu waliochambua namba hizo magari yakiwa tayari barabarani, kila mmoja akianza na gari lake mwenyewe, ili programu ya laptopu kama RomRaider au EcuFlash ijue isome kuanzia anwani ipi na ionyeshe namba hizo kwa kipimo gani. Wengi wa watu hao walikuwa na magari ya soko la Marekani. Legacy ya turbo iliyouzwa Marekani miaka hiyo ilikuwa ya lita 2.5, yako ya lita 2.0 haikufika huko, ndiyo maana haikuchambuliwa kwa kiasi kile.

Kwa hiyo pengo liko kwenye macho yetu. Gari halina pengo. Kila jedwali usiloliona linafanya kazi tangu unapowasha mpaka unapozima, na hilo ndilo nataka ulishike kabla hujagusa kitu chochote.

Hatari ziko mbili. Kuna jedwali lisiloonekana ambalo linaendelea kutawala nyuma ya pazia. Na kuna jedwali linaloonekana vizuri kabisa kwenye skrini, lina jina, lina rangi, lakini limeelezwa vibaya. Mafundi vijana huogopa la kwanza. Mimi naogopa zaidi la pili, kwa sababu linakupa ujasiri usio na msingi. Tuanze nalo, maana umesema umeona namba za ajabu.

Maelezo ya jedwali moja yana mambo machache: anwani ya kuanzia, aina ya namba (baiti moja, baiti mbili au namba ya desimali ya baiti nne), mpangilio wa baiti, ukubwa wa jedwali, anwani za mihimili yake (namba za pembeni zinazoongoza jedwali, kama mizunguko ya injini na mzigo), na kanuni ya kugeuza namba ghafi kuwa digrii, gramu au uwiano wa hewa na petroli. Kosa kwenye kila kimoja lina sura yake. Anwani ikikosewa, jedwali zima linakuwa fujo, kisanduku kimoja 3, jirani yake 190. Mtu hawezi kukosa kuliona. Mpangilio wa baiti ukikosewa, muhimili unatoa namba ambazo hazina maana katika injini yoyote. Haya makosa ya kupiga kelele hayanipi wasiwasi.

Fungua faili lako kwa programu ya heksadesimali (inayoonyesha kila baiti kwa tarakimu 0 hadi 9 na A hadi F), utafute muhimili wa mizunguko ya injini. Kwenye kompyuta hizi za Denso za biti 32, mihimili mingi huandikwa kwa namba za desimali za baiti nne, baiti kubwa ikitangulia. Ukikuta mfululizo huu, 44 48 00 00, 44 96 00 00, 44 C8 00 00, 44 FA 00 00, umekuta 800, 1200, 1600, 2000. Fanya zoezi hili kwa mkono, kwa kalamu na karatasi, mpaka uweze kuzitambua bila kikokotoo. Kuanzia hapo hutategemea tena neno la mtu kwamba muhimili uko mahali fulani; utaenda mwenyewe ukaangalie.

Kosa linaloumiza ni la kanuni ya kugeuza. Chukua jedwali la msingi la taimingi, yaani digrii za kuwahisha cheche ya plagi. Kila kisanduku ni baiti moja, kuanzia 0 hadi 255. Kanuni yake ni kuzidisha kwa 0.3515625 kisha kutoa 20. Baiti 100 inakuwa digrii 15 na ushei. Sasa tuseme aliyeandika maelezo alisahau kutoa 20. Kisanduku kile kile kitaonyesha digrii 35. Gari likienda mwendo wa kawaida kwenye tambarare, digrii 35 si jambo la kushangaza, kwa hiyo sehemu ile ya jedwali itakupita bila kukushtua. Ukifika eneo la mzigo mkubwa utaona taimingi iko juu mno, utaogopa kugonga kwa injini (petroli kujilipukia ovyo ndani ya silinda), utaishusha hadi 20. Programu itaandika baiti 57. Lakini kompyuta ya gari itafuata kanuni yake yenyewe: 57 mara 0.3515625, toa 20, jibu sifuri. Umeipa injini digrii sifuri ikiwa turbo inasukuma. Haitagonga, ila nguvu itapotea, moto utahamia kwenye egzosi, na turbo ndiyo itakayolipa. Wewe utakaa hapo ukijiuliza kwa nini gari limekuwa zito wakati skrini inasema mambo mazuri.

Kwa hiyo kila jedwali lithibitishwe kwa rekodi kabla ya kuguswa. Washa kirekodi cha RomRaider, endesha, kisha ulinganishe kinachosemwa na jedwali na kile injini inachofanya kweli. Kwa taimingi fahamu kwamba namba ya mwisho ni jumla ya vitu kadhaa: jedwali la msingi, nyongeza ya juu kabisa ikizidishwa kwa kile kizidishi ambacho programu inakiita IAM, kinachotoka 0 hadi 1, marekebisho ya papo hapo ya kugonga, marekebisho yaliyokaririwa, na fidia za joto. Faili lako likiwa na jedwali la msingi tu, rekodi itaonyesha digrii nyingi kuliko jedwali, na hapo utajua kuna jedwali la nyongeza ambalo bado hujaliona. Ukiliona pengo hilo kwa namba zako mwenyewe, utakuwa umejifunza muundo wa taimingi wa Subaru kuliko mtu aliyepewa faili kamili akabofya tu.

Fanya vivyo hivyo kwa petroli. Kanuni ya jedwali la mchanganyiko wa mzigo mkubwa ni 14.7 kugawanya kwa (1 jumlisha baiti mara 0.0078125). Baiti 0 ni 14.7, baiti 43 ni 11.0. Baiti ikipanda, petroli inaongezeka. Ukiona kwenye skrini yako mambo yameenda kinyume, kanuni imekosewa. Kuthibitisha hapa kunataka sensa ya oksijeni ya kipimo kipana, yenye saa yake ya kuonyesha namba, kwa sababu sensa ya kiwandani si ya kutegemea gari likiwa limekanyagwa hadi mwisho. Kama huna pesa ya sensa hiyo kwa sasa, majedwali ya petroli ya mzigo mkubwa yasiguswe. Sina njia ya mkato ya kukupa.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kirekodi kina faili lake la maelezo, tofauti na lile la ROM (lile faili la kilobaiti 512 ulilolisoma), nalo pia lina mapengo. Vipimo vya kawaida kama mizunguko, joto la maji, gramu za hewa, jumla ya taimingi na marekebisho ya petroli utavipata karibu kila mara. Vile vya ndani zaidi, kama IAM yenyewe, vinahitaji anwani za RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, zinazolingana na kitambulisho cha kompyuta yako. Kitambulisho chako kikiwa hakimo kwenye orodha, havitatokea. Usiazime anwani za kitambulisho kingine kwa kuwa gari linafanana. Kirekodi kitakuonyesha namba, naam, lakini huenda ikawa ni namba ya kitu kingine kabisa.

Tuje kwenye turbo, na hapa mahali tunapoishi panahusika moja kwa moja. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa kwetu ni kilopaskali 85 hivi. Pwani ni 101. Ukitaka kilopaskali 200 kamili ndani ya manifoldi ukiwa Mombasa, turbo inaibana hewa mara mbili hivi. Ukizitaka hizo hizo ukiwa Katindo, hapa hapa Goma, lazima iibane mara 2.35. Inazunguka kwa kasi zaidi, hewa inatoka moto zaidi. Kwa sababu hiyo kompyuta ina jedwali la fidia linaloshusha lengo la turbo kadiri presha ya nje inavyopungua, na kikomo cha kukata petroli ambacho nacho hufuata presha ya nje. Wewe unasema kikomo hukioni, na nadhani fidia pia huioni.

Fikiria sasa umeongeza lengo la turbo kwa sababu hilo ndilo jedwali pekee uliloliona. Unatoka barabarani, rekodi inaonyesha badiliko dogo, kwa sababu fidia isiyoonekana inakata sehemu ya ulichoongeza. Unaongeza tena. Gari linakwenda vizuri Goma, unafurahi. Mwezi unaofuata unashuka Uvira, mita 800 hivi, ambako hewa ni nzito zaidi. Fidia inalegea na lengo lote uliloandika linafunguka, kwenye jedwali la taimingi na petroli ambalo hujawahi kulijaribu kwa mzigo huo. Ukiwa na bahati kikomo kitakata petroli na kichwa chako kitapigwa mbele. Usipokuwa na bahati utanunua injini. Turbo usiiguse mpaka uwe umepata fidia na kikomo, umeviona kwa macho yako na umevithibitisha.

Vinapatikana? Mara nyingi vinapatikana, na hii ndiyo sehemu tamu ya kazi. Kwenye ROM hizi kila jedwali lina kichwa chake, kifungu kifupi cha namba kinachosema jedwali lina safu ngapi, mihimili iko wapi, data iko wapi, ni ya aina gani, na kanuni ya kugeuza: kizidisho na nyongeza. Yaani kwa majedwali mengi kanuni imeandikwa ndani ya gari lenyewe. Kwenye kichwa cha jedwali la msingi la taimingi tafuta 3E B4 00 00, ambayo ni 0.3515625, ikifuatwa na C1 A0 00 00, ambayo ni -20. Zikiwepo, ule ubishi wa aliyesahau kutoa 20 umekwisha. Kuna programu ya bure, ScoobyRom, inayopekua ROM nzima ikitafuta vichwa hivyo na kukuchorea kila jedwali inalolikuta. Haitakuambia jedwali linaitwaje. Itakupa mamia ya majedwali yasiyo na majina, na kazi yako ni kuyatambua.

Kuyatambua kunafanyika kwa kulinganisha. Tafuta ROM ya jamaa wa karibu aliyeelezwa vizuri, Legacy ya Marekani ya miaka hiyo hiyo yenye prosesa ile ile ya SH7055, na uifungue kando ya yako. Anwani zitakuwa tofauti, lakini mpangilio wa vichwa hufuatana kwa ukaribu sana. Jedwali la kikomo likija baada ya majedwali fulani kwa jamaa, mara nyingi litakuja baada ya yale yale kwako. Angalia muhimili: muhimili wenye presha ya hewa ya nje unakupunguzia orodha mpaka majedwali machache. Angalia umbo la data. Mwishowe, kwa mwenye subira, kuna Ghidra, programu ya bure ya kuchambua kodi iliyotolewa na shirika la usalama la Marekani NSA mwaka 2019. Nayo itakuonyesha ni sehemu gani ya programu inaisoma anwani ile na inafanya nini nayo. Huko usikimbilie mwaka huu. Anza na kulinganisha.

Kabla ya yote haya, gari liwe zima. Nalisema kwa sababu ya mji wetu. Vumbi jeusi la lava linaingia kila mahali, na filta ya hewa ya Goma haidumu kama kitabu cha gari kinavyosema. Vumbi likishika waya wa sensa ya hewa, sensa inasoma hewa pungufu, kompyuta inatoa petroli pungufu, na marekebisho ya petroli yanapanda upande wa kuongeza. Ukifungua laptopu siku hiyo utaona asilimia 8, 10, na utashawishika kurekebisha jedwali la sensa ya hewa. Safisha sensa kwanza kwa dawa yake ya kupuliza, waya usiuguse kwa kidole wala pamba, badilisha filta, kagua mipira ya hewa baada ya sensa, kisha urekodi upya. Marekebisho yakirudi ndani ya asilimia 5 huku au huku, jedwali halikuwa na kosa.

Petroli nayo. Gari lako lilipangwa kwa petroli ya juu ya Japani, ambayo oktani yake kwa kawaida hukaribia 100. Hapa unanunua kituoni leo, kesho kwa Kadhafi, muuza petroli wa kando ya barabara, kwenye bidoni, na hakuna wa kukuhakikishia oktani. Ndiyo maana badiliko la kwanza ninalokupendekezea ni la kupunguza. Rekodi wiki kadhaa kwa petroli unayoitumia kweli. Ukiona marekebisho ya kugonga yanajirudia eneo lile lile la mizunguko na mzigo, ondoa digrii 2 kwenye visanduku vya eneo hilo tu, ulainishe majirani zake, urekodi tena. Injini ikikaa bila kugonga huenda ikavuta vizuri zaidi kuliko pale kompyuta ilipokuwa ikijitetea kila mara. Majaribio yafanye gia ya tatu, barabara iliyo wazi, mtu mwingine akishika laptopu. Usiyafanye mahali penye motari (waendesha pikipiki) na chukudu (baiskeli za mbao za mizigo).

Siku ya kuandika, matatizo mengi hutoka kwenye umeme. Kwenye Legacy za miaka hiyo unaunganisha plagi za kijani zilizo chini ya dashibodi. Ukifungua swichi, feni na pampu ya petroli zinaanza kuwaka na kuzima zenyewe, na zinakula betri. Hali ikiwa hivyo, chaja inayotegemea umeme wa mjini usiitegemee peke yake. Unganisha betri ya pili sambamba, nyaya nene, vibano vimekazwa. Laptopu iwe na chaji kamili na isiruhusiwe kulala. Fanya kwanza jaribio la kuandika ambalo EcuFlash inalitoa, lile lisilofuta kitu. Umeme ukipotea baada ya kompyuta kuanza kufutwa, gari halitawaka, na kulifufua ni kufungua sanduku na kuingia kwa njia ya mezani. Kuna kebo za kuiga sokoni zinazosoma vizuri na kukwama wakati wa kuandika. Iliyokwama hata mara moja kwenye jaribio usiitumie.

Jumla ya uhakiki usiisahau. Kompyuta hizi hujumlisha namba zake na kutarajia jibu moja maalumu, 5AA5A55A. Ukibadilisha kisanduku kimoja tu, jumla inavunjika. Programu huirekebisha yenyewe ikiwa faili la maelezo linaijua sehemu hiyo. La kwako lenye mapengo huenda haliijui, kwa hiyo hakikisha kabla ya kuandika. Na faili la kiwandani ulilolisoma siku ya kwanza liweke sehemu tatu tofauti, lisifunguliwe na programu yoyote ya kuhariri.

Majedwali ya kuzima misimbo ya hitilafu mara nyingi huwepo hata kwenye mafaili duni, na wapo wanaoyatumia kuzima taa ya injini kabla ya kuuza gari. Yaache. Atakayelinunua gari hilo ataendesha bila onyo lolote.

Kuhusu Noah: hapana. Kwa Toyota za aina hiyo maelezo ya bure ni machache mno, na injini isiyo na turbo haitakupa cha maana kwa kubadilisha majedwali. Inapoteza nguvu Goma kwa sababu hewa ni nyepesi, na hilo halirekebishwi kwa laptopu. Lakini kurekodi utakakojifunza kwenye Legacy kutakufaa pale pale kesho asubuhi: soma marekebisho ya petroli ya Noah gari likiwa limesimama linanguruma, kisha kwenye mizunguko 2,500. Yakiwa juu likinguruma tu na yakashuka ukikanyaga, tafuta mpira unaovuja hewa baada ya sensa. Yakipanda kadiri unavyokanyaga, anza na sensa ya hewa na presha ya pampu. Ukishapata rekodi ya Legacy ya dakika ishirini, baridi hadi moto, nitumie pamoja na kitambulisho cha kompyuta, tuitazame pamoja.